Maji na mchanga wa mafuta wa Alberta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Picha za migodi ya mafuta ya karibu na mji wa Fort McMurray, Kanada, zilizopigwa kutoka angani huzuka upya kwenye makundi ya WhatsApp kila baada ya miezi michache, na zikizuka, maswali huwa yaleyale. Hapa nimeyakusanya yanayojirudia zaidi. Mengine yana jibu la mistari miwili. Mengine inabidi uvute kiti.

Mchanga wa mafuta ni nini hasa?

Ni mchanga wa kawaida, pamoja na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo, ulioshikamanishwa na mafuta mazito yanayoitwa bitumini. Wengi wetu tunaijua kwa jina la lami, ile ya barabarani. Ikipoa hunata kama gundi, na ukiinamisha ndoo haimwagiki. Katika mchanga mzuri, bitumini ni kama asilimia 10 hadi 12 ya uzito, kwa hiyo ili kupata pipa moja la mafuta yaliyochakatwa inabidi kuchimba takriban tani 2 za mchanga.

Jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada, lina mchanga huu katika maeneo matatu: Athabasca, Cold Lake na Peace River, jumla kama kilomita za mraba 142,000. Wenyeji wa Kicree waliifahamu lami hii kabla Mzungu yeyote hajafika. Walikuwa wakiichanganya na utomvu wa misonobari na kuzibia nyufa za mitumbwi yao, kama mafundi wetu wa pwani wanavyokalafati majahazi. Hadi leo kuna mahali kwenye kingo za Mto Athabasca ambapo lami huchuruzika yenyewe jua likiwaka. Kumbuka jambo hili, maana litarudi kwenye swali la nani kachafua nini.

Mafuta na maji hayachanganyiki. Sasa maji yanafanya nini pale?

Yanatumika kwa sababu hiyohiyo, kwamba hayachanganyiki. Aliyewahi kutengeneza mafuta ya nazi kwa kuchemsha tui anaujua mchezo huu: mafuta hupanda juu, nawe unaengua. Katika miaka ya 1920 mkemia Karl Clark, aliyefanya kazi Alberta, alionyesha kwamba ukichanganya mchanga ule na maji ya moto na kostiki soda kidogo, kisha ukakoroga, bitumini hubanduka kwenye chembe za mchanga, hung'ang'ania viputo vya hewa na kuelea kama povu. Povu linaenguliwa, mchanga unazama. Mgodi wa kwanza mkubwa wa kibiashara ulifunguliwa mwaka 1967 kwa jina la Great Canadian Oil Sands, kampuni ambayo leo ni Suncor. Syncrude ikafuata mwaka 1978. Mitambo imekuwa mikubwa, joto la maji limeshushwa ili kuokoa gesi, lakini kanuni ni ileile ya Clark.

Njia hiyo inafaa pale tu mchanga ulipo karibu na uso wa ardhi. Kama asilimia 80 ya akiba yote imelala chini mno kiasi kwamba huwezi kuifikia kwa kuchimba shimo. Huko hutumika mvuke. Visima viwili huchimbwa kwa ulalo, kimoja juu ya kingine, vikitenganishwa na mita 5 hivi. Cha juu hupeleka mvuke, bitumini inapata joto na kulegea, inachuruzika kwa uzito wake hadi kisima cha chini, na kutoka hapo inavutwa juu pamoja na maji ambayo mvuke umegeuka. Aliyebuni njia hii ni mhandisi Roger Butler, wakati akiwa kampuni ya Imperial Oil. Huko Cold Lake kuna njia ya zamani zaidi: kisima kimoja hupigwa mvuke kwa wiki kadhaa, kinaachwa kiive, halafu kinavutwa.

Leo migodi ya wazi na visima vya mvuke vinagawana uzalishaji karibu nusu kwa nusu. Hesabu ya maji ya njia hizi mbili haifanani hata kidogo, na mabishano mengi mitandaoni hutokana na mtu kuchukua takwimu ya njia moja na kuitumia kwa nyingine.

Pipa moja la mafuta linakula maji kiasi gani?

Mgodi wa wazi hutumia mapipa 10 hivi ya maji au zaidi kwa kila pipa la bitumini, lakini sehemu kubwa, robo tatu au zaidi, ni maji yaliyokwisha kutumika na kurudishwa kiwandani. Maji mapya yanayoongezwa ni kama mapipa 2 hadi 3. Pipa la mafuta ni lita 159, sawa na madebe 8 ya lita 20. Kwa hiyo kila debe la bitumini linalotoka mgodini limeambatana na madebe mawili au matatu ya maji mapya.

Visima vya mvuke huhitaji mapipa 2 hadi 4 ya maji yaliyogeuzwa mvuke kwa kila pipa la bitumini, ila maji mengi hurudi juu pamoja na mafuta, yanasafishwa na kurudishwa kwenye boila. Maji matamu mapya ni chini ya nusu pipa, na kwenye miradi mingi ni pungufu zaidi ya hapo.

Takwimu hizi ndizo kila mtu anazitafuta. Binafsi naona ndizo zenye uzito mdogo kuliko zote zilizomo kwenye ukurasa huu.

Kwa nini unasema hivyo? Si ndicho kipimo chenyewe?

Kwa sababu tunahesabu maji yanayoingia na kusahau kuuliza yanatoka wapi, lini, na yanaishia wapi.

Chukua jiji kama Edmonton. Linavuta maji mengi kutoka Mto North Saskatchewan, wakazi wanaoga, wanapika, wanavuta choo, kisha majitaka yanasafishwa na sehemu kubwa inarudi mtoni. Mto umekopesha, umelipwa. Mgodi wa mchanga wa mafuta hukopa na halipi. Maji yakishagusana na bitumini hayaruhusiwi kurudi mtoni, na yanabaki mgodini miaka nenda rudi. Lita moja iliyovutwa mwaka 1985 huenda bado iko pale, imenaswa katikati ya chembe za udongo kwenye bwawa la tope. Ukilinganisha lita ya jiji na lita ya mgodi kana kwamba ni kitu kimoja, umeshapotea njia kabla hujaanza safari.

Haki nayo isemwe: kilimo cha umwagiliaji kusini mwa Alberta kimepewa vibali vya maji mengi kuliko sekta ya mafuta. Anayesema mafuta ndiyo yanayoongoza kwa kunywa maji ya jimbo lile amekosea.

Makampuni husema yanatumia chini ya asilimia 1 ya maji ya Mto Athabasca. Ni kweli?

Kwa hesabu ya mwaka mzima, ndiyo, ni kweli. Na hapo ndipo wastani unapoficha mambo.

Mto Athabasca huanzia kwenye barafu za Milima ya Rocky, ndani ya Hifadhi ya Jasper, na kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 kuelekea kaskazini hadi Ziwa Athabasca. Kiangazi, theluji ikiyeyuka na mvua zikinyesha, unafurika. Kuanzia Desemba hadi Machi unafunikwa na barafu na maji yanayopita chini yake hupungua hadi sehemu ndogo tu ya yale ya Juni. Mgodi haulali majira ya baridi. Pampu zinataka kilekile zilichotaka Juni, na samaki wamebaki na vidimbwi vya kina chini ya barafu, ambamo hewa ya oksijeni imeshapungua. Asilimia 1 ya mwaka inaweza kuwa asilimia kadhaa ya wiki moja mbaya ya Februari. Ni sawa na mtu akuambie wastani wa mvua ya Dodoma bila kukutajia kwamba inanyesha miezi michache tu.

Kwa hiyo serikali ya Alberta iliweka ukomo unaobadilika kila wiki kufuatana na hali ya mto. Mfumo wa kwanza ulitoka mwaka 2007, na wa sasa ni wa mwaka 2015. Mto ukishuka chini ya mita za ujazo 87 kwa sekunde, migodi yote kwa pamoja hairuhusiwi kuvuta zaidi ya mita za ujazo 4.4 kwa sekunde. Ili kuvuka kipindi hicho, makampuni yamejenga mabwawa ya akiba ya kujaza wakati mto umejaa.

4.4 inasikika ndogo. Ni madebe 220 kila sekunde moja, yaani takriban lita milioni 380 kwa siku. Mtambo wa Ruvu Chini, unaolisha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, umejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Na ukomo huo ni wa wakati wa ukame wa mto.

Wenyeji wanasemaje kuhusu kina cha mto?

Wanauangalia mto kama barabara. Fort Chipewyan, kijiji cha watu wapatao elfu moja kando ya Ziwa Athabasca, hakina barabara ya gari ya mwaka mzima. Baridi kuna barabara inayopita juu ya barafu, na wakati mwingine ni boti au ndege. Mwaka 2010 watu wa Athabasca Chipewyan na Mikisew Cree, jamii mbili za wenyeji wa asili wa pale, waliweka kwenye maandishi kile ambacho manahodha wao walikijua siku zote: mto ukiwa na mita za ujazo 1,600 kwa sekunde, boti hufika karibu kote wanakowinda na kuvua, na ukishuka chini ya 400, sehemu kubwa ya maeneo yao haifikiki. Uwindaji na uvuvi huo ni haki iliyomo kwenye Mkataba Namba 8 wa mwaka 1899 kati ya wenyeji na serikali, si starehe ya Jumamosi.

Mto kupungua si kazi ya migodi peke yake. Bwawa la umeme la W.A.C. Bennett, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye Mto Peace katika jimbo jirani la British Columbia, limevuruga mafuriko yaliyokuwa yakiijaza delta ya mito hiyo miwili. Delta hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Wood Buffalo, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1983. Mwaka 2014 Mikisew Cree walipeleka malalamiko yao UNESCO moja kwa moja, wakitaja mabwawa ya umeme na migodi ya mafuta pamoja.

Visima vya mvuke navyo, si vinamaliza maji ya chini ya ardhi?

Visima vingi hutumia maji ya chini ya ardhi, na makampuni yamehimizwa kuchota yale ya chumvi yaliyo chini zaidi, ambayo hakuna mtu wala ng'ombe anayeyanywa. Ni hatua nzuri, ila ina gharama zake. Maji ya chumvi yana madini yanayoganda kwenye boila, kama ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la maji ya kisima. Lazima yalainishwe kwa chokaa, madini ya silika yaondolewe, au yachemshwe hadi yawe mvuke na kukusanywa upya. Kila hatua inataka nishati, na nishati yenyewe ni gesi asilia. Ukiokoa maji matamu, umechoma gesi zaidi. Taka ya chumvi iliyobaki hurudishwa chini ya ardhi kwa visima virefu.

Hatari nyingine ni mwamba wa juu kupasuka. Mvuke wenye presha kubwa unategemea mwamba usiopitisha kitu ulioufunika kama kifuniko cha sufuria. Mei 2006, kwenye mradi wa Joslyn uliokuwa wa kampuni ya Total, kifuniko hicho kilishindwa na mvuke ukalipuka hadi juu ya ardhi, ukitupa mawe msituni. Mwaka 2013, kwenye eneo la Primrose karibu na Cold Lake, bitumini iligunduliwa ikitoka yenyewe kwenye ardhi na chini ya kijiziwa.

Yale “maziwa” meusi tunayoyaona kwenye picha ni nini?

Ni mabwawa ya tope taka, yale ambayo wachimbaji wa Geita na Shinyanga wanayaita mabwawa ya topesumu. Kila kinachobaki baada ya kuengua bitumini kinamwagwa humo: maji, mchanga, udongo laini, chumvi, mabaki ya lami, na kemikali zinazoitwa asidi za naftheni, ambazo asili yake ni bitumini yenyewe na ni sumu kwa samaki.

Tope la majimaji lililokusanyika limezidi mita za ujazo bilioni 1.3. Bwawa la Ndakaini, linalonywesha Nairobi, hubeba mita za ujazo milioni 70 likijaa pomoni. Basi hebu fikiria Ndakaini kumi na nane zenye tope.

Kwa nini tope halitulii? Si lingezama tu, maji safi yabaki juu?

Mchanga huzama siku hiyohiyo, na ndio unaotumika kujengea kuta za bwawa. Shida ni udongo laini. Chembe zake ni ndogo mno na zina chaji ya umeme inayozifanya zisukumane badala ya kushikana. Kostiki soda iliyosaidia kubandua bitumini ndiyo pia inayozidi kuzitawanya. Baada ya miaka michache linabaki kama uji wa mtindi, maji takriban asilimia 70 kwa uzito, na linaweza kukaa hivyo miongo kadhaa. Huwezi kutembea juu yake, huwezi kupanda mti, na huwezi kulinywa.

Majaribio ni mengi. Kuna kuongeza jasi ili chembe zishikane, kuna dawa za kugandisha za aina ya polima, kuna mashine za kuzungusha kwa kasi zinazokamua maji kama mashine ya kufulia, kuna kulimwaga kwa matabaka membamba ili baridi iligandishe na jua liliyeyushe, maji yachuje. Yote yanafanya kazi kwa kiasi fulani. Mwaka 2009 mdhibiti wa jimbo, yaani mamlaka inayosimamia sekta ya nishati, alitoa masharti yenye tarehe za kupunguza tope, makampuni yakashindwa kuzifikia, na mwaka 2015 masharti hayo yakaondolewa na kuwekwa mfumo mwingine ulio laini zaidi. Mwenyewe nilipolisoma hilo nilikumbuka mwalimu anayeshusha alama ya kufaulu kwa kuwa darasa zima limefeli.

Mabwawa yanavuja?

Ndiyo, na hata wahandisi wake hawakatai. Kuta ni za mchanga, kwa hiyo maji hujipenyeza. Pembeni huchimbwa mifereji na visima vya kuyakamata na kuyarudisha bwawani. Ubishi uko kwenye kiasi kinachoponyoka, na hapa ndipo lile la lami kuchuruzika yenyewe kingoni linaporudi. Mto unaopita juu ya lami ya asili huwa na asidi za naftheni hata bila mgodi, na kwa miaka mingi jibu la kawaida kwa kila malalamiko lilikuwa hilo: ni asili. Mwaka 2009 na 2010 kundi la wanasayansi, akiwemo David Schindler wa Chuo Kikuu cha Alberta, lilichapisha vipimo vya theluji na maji vilivyoonyesha kwamba uchafu unaongezeka kadiri unavyokaribia migodi na viwanda, na kwamba metali 13 zenye sumu, zikiwemo zebaki na risasi, zinahusishwa na shughuli hizo. Baada ya hapo serikali ya Kanada na ya jimbo zilianzisha mpango wa pamoja wa upimaji mwaka 2012.

Kisa kilichowakera wenyeji kuliko vyote ni cha mgodi wa Kearl wa Imperial Oil. Mei 2022 maji yenye rangi ya ajabu yalionekana nje ya eneo la mgodi. Taarifa ya awali ilitolewa, kisha kimya. Watu wa Fort Chipewyan waliendelea kuwinda na kuvua. Mwishoni mwa Januari 2023 bwawa la kukusanyia maji kwenye mgodi huohuo likafurika na kumwaga lita milioni 5.3, na Februari mdhibiti, Alberta Energy Regulator, akatoa amri ya mazingira. Ni hapo tu ndipo wenyeji waliposikia habari kamili, ya sasa na ya miezi tisa iliyopita kwa mpigo. Mkuu wa mdhibiti wakati huo, Laurie Pushor, aliomba radhi mbele ya kamati ya bunge la Kanada. Mwaka 2024 kampuni ilitozwa faini ya dola 50,000 za Kanada, na mwaka huohuo Athabasca Chipewyan wakamshtaki mdhibiti mahakamani.

Na ndege?

Bwawa la tope halikawii kuwa na maji ya wazi wakati maziwa ya asili bado yana barafu, kwa hiyo ndege wanaohama huliona kama kituo cha kupumzika. Aprili 2008 bata 1,606 walikufa kwenye bwawa la Syncrude. Mwaka 2010 kampuni ilipatikana na hatia na kulipa dola milioni 3. Siku hizi kuna rada, mizinga ya gesi inayolia na masanamu ya kutisha ndege, kama yale ya mashamba ya mpunga ila yamevaa nguo za wachimbaji.

Ni kweli maji hayo yamewaletea watu saratani?

Jibu la uaminifu ni kwamba swali hili limechelewa sana kufanyiwa kazi inayostahili. Mwaka 2006 daktari wa Fort Chipewyan, John O'Connor, alipaza sauti kuhusu saratani adimu alizoziona, hasa ya mirija ya nyongo. Badala ya kushukuriwa alishtakiwa kwa baraza la madaktari kwamba anatia watu hofu. Mwaka 2009 bodi ya saratani ya jimbo ilichapisha hesabu zake za miaka 1995 hadi 2006: saratani 51 kwa watu 47, wakati zilizotarajiwa ni 39. Ripoti haikusema chanzo ni nini. Katika kijiji kidogo namna ile, kesi chache huweza kupandisha hesabu, na hilo lilisemwa. Lakini pia katika kijiji kidogo kila kesi ni shangazi ya mtu. Agosti 2024 serikali ya Kanada ilitangaza dola milioni 12 kwa utafiti wa miaka 10 utakaoongozwa na wenyeji wenyewe. Ilikuwa imepita miaka 18 tangu daktari aseme.

Kwa hiyo ukikuta mtu ameandika “imethibitishwa”, amezidisha. Na aliyeandika “hakuna tatizo” amezidisha vilevile.

Ndugu yangu anafanya kazi Fort McMurray. Maji ya bomba anayokunywa ni salama?

Mto unaelekea kaskazini na migodi iko kaskazini mwa mji, kwa hiyo Fort McMurray huchota maji kabla hayajapita migodini. Kilichowasumbua zaidi mafundi wa maji wa mji ule ni majivu ya msitu ulioteketea kwenye moto mkubwa wa Mei 2016. Mwenye wasiwasi ni yule anayekaa chini ya mkondo.

Kama wana maji mengi hivyo bwawani, kwa nini wasiyasafishe na kuyarudisha mtoni?

Sheria ya uvuvi ya Kanada inakataza kumwaga kitu chenye madhara kwenye maji ya samaki, na kwa miaka yote hiyo hakuna kanuni iliyoruhusu migodi hii kuachia maji yaliyogusa bitumini. Makampuni yanataka kanuni hiyo iandikwe, na serikali ya Kanada imekuwa ikiifanyia kazi pamoja na wawakilishi wa wenyeji.

Hoja ya kuachia si ya kijinga kama inavyosikika. Maji yakizungushwa mara mia, chumvi inazidi kukolea, mitambo inaharibika, na siku bwawa likipasuka litamwaga kitu kibaya zaidi. Kuyasafisha na kuyaachia kidogo kidogo kungepunguza mzigo. Hoja ya kukataa nayo inaeleweka bila kamusi: mtu ambaye hakuambiwa kwa miezi tisa kwamba kuna uvujaji, leo anaombwa aamini vipimo vya mtu yuleyule. Ningekuwa naishi Fort Chipewyan ningekataa mpaka mashine ya kupima iwe mikononi mwangu.

Barafu za Jasper zinayeyuka. Mto utakauka?

Barafu ya Athabasca imerudi nyuma zaidi ya kilomita 1.5 katika muda wa takriban miaka 125. Hata hivyo, maji mengi yanayofika Fort McMurray hutokana na theluji ya kila mwaka, mvua na chemchemi, wala si barafu ya kale. Hofu ya karibu ni majira kubadilika: theluji kuyeyuka mapema na mto kushuka mwishoni mwa kiangazi.

Hakuna njia ya kutumia maji kidogo zaidi?

Ipo, hasa kwa visima vya mvuke: kuchanganya mvuke na kiyeyushi kama propani au butani, ili bitumini ilegee kwa joto dogo. Mradi wa Grand Rapids wa Imperial Oil huko Cold Lake ulianza kutoa mafuta kwa njia hii mwaka 2024. Kwa migodi ya wazi bado hakuna kilichoing'oa njia ya Clark.

Mafuta ya Uganda ni ya aina hii?

Hapana, ingawa nimeona picha za Alberta zikisambazwa zikiwa na maelezo kwamba ni Hoima. Mafuta ya Ziwa Albert hutoka kwa visima vya kawaida. Yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale hadi Chongoleani, Tanga, linapashwa joto la nyuzi 50 au zaidi. Maji huko yanahitajika kwa kazi nyingine: kusukumwa ndani ya mwamba ili kudumisha presha, na miradi ya Tilenga na Kingfisher imepangwa kuyachota Ziwa Albert.

Uhusiano wa kweli uko kwa wenye miradi. TotalEnergies, mwenye hisa kubwa kwenye bomba hilo, alikuwa mbia katika miradi ya Fort Hills na Surmont huko Alberta hadi alipouza hisa zake mwaka 2023. CNOOC ya China, inayoendesha Kingfisher, iliinunua kampuni ya Nexen mwaka 2013 pamoja na mradi wake wa mvuke wa Long Lake. Anayetaka kujua makampuni haya hutunzaje maji na huwaambiaje majirani mambo yakiharibika, ana kumbukumbu nyingi za kusoma Alberta kabla ya kusubiri zile za Buliisa, Uganda.

Mgodi ukifungwa, mabwawa yanakwenda wapi?

Lipo moja lililokaushwa juu: bwawa la kwanza la Suncor, hekta 220 hivi, lilifunikwa na kupandwa mwaka 2010, na sasa linaitwa Wapisiw Lookout. Ni kazi ya kuonekana, ingawa tope laini lililokuwamo lilihamishiwa kwenye bwawa jingine.

Mpango wa mengi yaliyobaki ni kuyageuza maziwa. Shimo la mgodi linajazwa tope, juu yake linawekwa tabaka la maji, halafu asili inaachiwa ifanye yake. Syncrude ilianza jaribio la kwanza kubwa, Base Mine Lake, mwishoni mwa 2012: tope la kina cha makumi ya mita chini, maji ya mita 10 hivi juu. Tope linaendelea kujikamua taratibu na kupandisha maji yake ya chumvi kwenye tabaka la juu. Maji matamu huongezwa kutoka bwawa la jirani ili kuipunguza chumvi hiyo.